Walimpa Cherehani

Kwenye sherehe ya kuwatuza wazee wa kampuni, wanaume wanne walipewa ndege. Ilikuwa ndege ndogo ya bati iliyopigiliwa kwenye kibao cha mninga, na chini yake pameandikwa "Fundi Mwasisi" pamoja na jina la mwenyewe. Mama mmoja, aliyefanya kazi kwenye karakana ile ile ya ndege miaka mingi kuliko wawili kati yao, alipewa cherehani.

Nilikaa mstari wa tatu, nimevaa kitenge cha sare kama wanakamati wote. Mshereheshaji alisoma kwenye karatasi: "Na sasa mama yetu, mshonaji wetu wa viti na mapazia, aliyetupendezeshea ndege zetu kwa miaka yote hiyo!" Vigelegele vikapigwa. Mama wa watu akapanda jukwaani taratibu, baibui lake jeusi, mtandio wa zambarau, akasema ahsanteni, akashuka. Walinzi wawili wakambebea boksi lililofungwa karatasi ya maua na utepe.

Mimi nilipiga makofi. Nayaandika haya mapema ili msomaji asije akadhani mimi ndiye shujaa wa habari hii. Nilipiga makofi kama wenzangu, na nilijua fika kwamba kinachopigiwa makofi ni uongo.

Nilijua kwa sababu mimi ni injinia wa ndege mwenye leseni. Mwanamke wa kwanza, wanasema, katika kampuni yetu. Kila ikifika siku ya wanawake wananivalisha ovaroli mpya, wananisimamisha mbele ya injini na kunipiga picha nikiwa nimeshika spana ambayo haihusiani na injini hiyo. Halafu wanaandika: wa kwanza. Na huyo wa kwanza kila alichokijua alifundishwa na mshonaji wa viti.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya mapumziko. Nilikuwa Kariakoo, dukani kwa mama yangu mzazi, namsaidia kupanga masufuria, simu ikaita. Alikuwa yule mama wa cherehani, mwalimu wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Dukani."

"Nilijua. Mchaga akipewa mapumziko anakwenda kupumzikia dukani. Nitafutie mtu wa guta, uje naye nyumbani kwangu. Kuna mzigo."

Sikuuliza mzigo gani. Nilitoka mpaka barabarani, nikampata mwenye guta aliyekuwa ameegesha baiskeli yake ya magurudumu matatu kivulini, tukavuka Mnazi Mmoja kwenda Mchafukoge, yeye akikanyaga pedeli, mimi nikitembea kando. Mama anakaa huko ghorofa ya pili, kwenye flati ambayo alizalia na kufiwa na mume humo humo. Boksi lilikuwa limewekwa mlangoni. Utepe haujafunguliwa.

"Tunairudisha," alisema. "Shika upande huo."

Tukaishusha ngazi. Ni nzito cherehani ile, yenye meza yake na pedeli za miguu, ya kisasa, wala sisemi kwamba ni mbaya. Mwenye guta akaifunga kwa kamba za mpira, akauliza kwa adabu:

"Mnaipeleka kwa fundi, mama?"

"Tunaipeleka kwa wenyewe."

"Imeharibika?"

"Walioharibika ni wao."

Mwenye guta akacheka, kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka. Tukaelekea Posta kwa njia ya Kisutu, guta mbele na sisi nyuma, katikati ya watu na bajaji na magari yaliyokuwa yakitupigia honi. Mama alitembea katikati ya barabara kama aliyelipa yeye lami yake.

Acha nieleze alikuwaje, maana bila hivyo cherehani itaonekana zawadi nzuri tu.

Ni kweli aliajiriwa kushona. Kampuni ilikuwa na ndege ndogo za zamani ambazo sehemu za mkia na bawa hazikufunikwa bati bali kitambaa kigumu kilichopakwa rangi maalumu. Kitambaa hicho kinashonwa kwenye mbavu za bawa kwa uzi wa nta, fundo moja baada ya jingine, na kila fundo lina umbali wake. Aliyekuwa akiifanya kazi hiyo aliugua, wakatafuta mtu wa mkono mwepesi. Wakampata binti wa pwani, kwao ni washona kofia, yeye mwenyewe ameanza kushika sindano kabla hajajua kusoma. Wakamwonyesha mafundo. Akayashika kwa siku moja.

Kosa lao ni kwamba hawakumfukuza alipoanza kuuliza. Aliniambia mwenyewe: "Huwezi kumshonea mtu nguo bila kumpima mwili. Nikawaambia nionyesheni mwili." Akataka kujua kwa nini ubavu huu ni mnene na ule mwembamba. Akataka kujua kebo inayopita hapa inavuta nini kule. Wao walimjibu kwa kujifurahisha, kama mtu anavyomjibu mtoto, nao hawakujua kwamba yeye hasahau. Ndege za kitambaa zilipoondolewa, wakambakiza kwenye viti na mapazia, lakini wakati huo alikuwa tayari anafunga kebo za mkia, anakagua bawaba, na hakuna aliyemfikia katika kufunga waya.

Waya huo ni kitu kidogo. Vichwa vya bolti za ndege vina tundu, na ndani ya matundu hayo unapitisha waya mwembamba kutoka bolti hii kwenda ile, unausokota kwa plaizi, ili bolti moja ikitaka kulegea ivutwe na mwenzake irudi kukaza. Ukikosea upande, waya ule ule unaisaidia bolti kulegea. Kwa macho ya abiria ni waya tu. Kwa macho ya fundi ni tofauti ya kufika na kutofika.

Nilipoletwa karakana, mwanafunzi wa chuo na cheti changu mkononi, mkuu wa mafundi alinitazama kama boksi lililoletwa anwani isiyo yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ofisini, anapenda chai yake, na hakuwa na hamu ya kufundisha msichana. Akanyoosha kidole kwenye pembe ya karakana, alikokaa mama kwenye mkeka wake na viti viwili vya rubani vilivyochunwa ngozi. "Kaa na mwenzako yule kwanza," alisema.

"Kwanza" hiyo ilichukua miaka mitatu. Jambo la kwanza mama alilonifunza ni waya. Nilifunga, akachukua mkasi wa chuma, akakata. "Tena." Nikafunga, akakata. Siku hiyo alikata mara kumi na moja, vidole vyangu vikatoka damu, na nilipoanza kulia alinipa kitambaa akasema, "Lia, lakini usidondoshee machozi kwenye kazi, itashika kutu." Mara ya kumi na mbili hakukata. Hakusifu pia. Alisogea tu, akanipa nafasi kwenye mkeka.

Alinifundisha kupapasa kebo kwa pamba, kwa sababu uzi mmoja wa chuma ukikatika hauuoni lakini unashika pamba. Alinifundisha kuhesabu vifaa kabla ya kufunga mlango wowote wa ndege, kama mshonaji anavyohesabu pini kabla ya kumvalisha bibi harusi. Na alikuwa na msemo wake: "Jicho haliazimwi." Yaani hukuona, usiseme umeona. Akinikuta nimeandika "imekaguliwa" kwa kusikia tu, alinifokea mbele za watu mpaka natamani ardhi ipasuke.

Sasa ndiyo sehemu inayoniuma. Mwanafunzi wa ndege ana kitabu cha mafunzo. Kila kazi unayofanya unaiandika, na pembeni msimamizi anatia sahihi kwamba alikuwepo, aliona. Msimamizi lazima awe na leseni. Mama hakuwa nayo. Aliomba kufanya mtihani mara tatu. Mara ya kwanza walimwambia kwamba elimu yake ni darasa la saba. Mara ya pili fomu ilipotea. Mara ya tatu kuna mtu alimwambia kwamba fomu hiyo si ya washonaji. Basi kila Ijumaa nilikuwa napeleka kitabu changu ofisini kwa mkuu, naye, kikombe cha chai mkono wa kushoto, anatia sahihi mstari kwa mstari kazi ambazo hakuziona hata moja. Kurasa na kurasa. Kwa kitabu hicho nilipata leseni.

Unaona basi. Jicho haliazimwi, na leseni yangu yote ilisimama juu ya jicho la kuazima. Tulijua sote watatu. Hatukuwahi kulitamka.

Tufike sasa ofisini. Lifti ilikuwa inafanya kazi, tukamshukuru Mungu. Mwenye guta na mlinzi wakaipandisha cherehani mpaka ghorofa ya nne, wakaitua mbele ya meza ya ofisa utumishi, kijana mpole mwenye tai. Nyuma yake dirisha liliangalia bandarini, makreni yakinyanyua makontena.

"Karibuni mama zangu. Kuna tatizo na zawadi?"

"Zawadi haina tatizo," mama alisema. "Mwenyewe siye mimi. Mtafuteni huyo mshonaji, mkimpata mpeni. Mimi ni fundi wa ndege."

Kijana akatabasamu, akaona hatabasamiwi, akalifungua faili. Alilisoma kwa uaminifu, nampa haki yake. Cheo siku ya kuajiriwa: mshonaji. Cheo siku ya kustaafu: mshonaji.

"Nani alifunga kebo za mkia za ndege zile ndogo zote, baba? Nani alikagua bawaba? Andika hapo."

"Mama, sikukatalii. Ila siwezi kubadilisha kumbukumbu kwa mdomo. Akipatikana injinia mwenye leseni aliyekuona kwa macho yake ukifanya kazi hizo, aandike barua, atie sahihi na namba ya leseni yake, mimi nitaipeleka juu kwa mikono yangu." Kisha akanigeukia mimi, bila ubaya wowote. "Injinia, si ulikuwa naye karakana? Unamfahamu vizuri?"

Nikasema: "Ni mama yetu."

Basi. Maneno hayo matatu. Maneno yale yale ya mshereheshaji. Niliyasikia yakitoka kinywani mwangu, nikaangalia viatu vyangu. Ningesema nilimwona, lingefuata swali: ulimwona akifanya nini? Akinifundisha. Na kitabu chako kinasema nani alikufundisha?

Mama hakunitazama. Alimwambia kijana, "Niandikie kwamba mmepokea cherehani moja, haijafunguliwa. Tia sahihi. Umeiona mwenyewe, si ndiyo?" Kijana akaandika. Tukashuka kwa ngazi, kwa sababu mama alikataa kusubiri lifti.

Kisutu tulikaa kwenye mgahawa wa chai ya maziwa na kachori. Alikunywa nusu kikombe ndipo akasema.

"Nimekuona ulivyotazama viatu."

"Nisamehe mama."

"Sitaki msamaha wako. Nataka unisikilize. Nimekasirika, tena sana, na hasira yangu si kwako peke yako. Lakini ile barua anayoitaka yule kijana, usiiandike."

Nilishangaa. Nilidhani ananijaribu.

"Usiiandike," alirudia. "Ukiiandika watafungua kitabu chako. Watasema sahihi ni za uongo, watakunyang'anya leseni. Leseni hiyo ni kazi ya mikono yangu. Ni kitu pekee nilichotengeneza ambacho kimewekewa muhuri. Wao waninyime jina, nishazoea. Wewe usinivunjie kazi yangu."

Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumbishia mbele ya uso wake. Nilimheshimu, na nilimwogopa kidogo. Lakini pale Kisutu, na mafuta ya kachori vidoleni, nilisikia moto unapanda kifuani. Nilijikasirikia mimi, nikamkasirikia mkuu wa mafundi, yule mzee wa chai, nikawakasirikia wote wanaonipiga picha na spana. Na zaidi nilimkasirikia yeye, kwa kukubali kwamba mimi ndimi nitakayekuwa kibao chake cha mninga.

"Mimi si kibao," nilimwambia.

"Kibao gani?"

"Wewe ulinifundisha kwamba jicho haliazimwi. Ama ulinifundisha hivyo, ama ulikuwa unapiga porojo."

Akaweka kikombe chini. Nilidhani atanizaba kofi mbele za watu. Alichukua pochi yake, akasimama, akasema, "Usinipigie simu," akaenda zake.

Barua niliiandika kesho yake mchana, dukani kwa mama yangu, juu ya katoni la vikaango, wateja wakinipitia juu ya kichwa. Niliiandika kwa mkono kwanza. Nilitaja kazi moja moja, nikasema nani aliyekuwepo na nani hakuwepo. Niliandika kwamba kwenye kurasa hizi na hizi za kitabu changu sahihi ni ya mtu ambaye hakuona, na aliyeona ni huyu, nikaandika jina lake. Nakala moja kwa kijana wa tai, nakala nyingine kwa ofisi inayotoa leseni, na kitabu chenyewe nikakiambatanisha. Kama ni kuvuliwa nguo, basi nijivue mwenyewe.

Mama yangu mzazi aliisoma yote, miwani ikiwa puani, huku akimjibu mteja bei ya beseni. Kisha akaikunja.

"Unajua watakufanya nini?"

"Najua."

"Na huyo mama mwenyewe amekukataza?"

"Amenikataza."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. "Ipeleke kabla hujapoa. Wakikufukuza, rafu ya chini ile inahitaji mtu wa kuipanga."

Nilipeleka kwa miguu. Kule kwa kijana wa tai nilipigiwa muhuri wa kupokelewa, na mpaka ninapoandika haya sijajibiwa. Kule kwenye leseni walijibu upesi ajabu. Haki yangu ya kutia sahihi imesimamishwa mpaka nifanyiwe mtihani wa vitendo kwa kila kazi iliyomo kwenye kurasa zile, mbele ya mtahini, kama mwanafunzi.

Mzee wa chai naye akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imezeeka.

"Mwanangu, umenivua nguo uzeeni."

"Shikamoo mzee. Nitajie mstari mmoja wa uongo kwenye barua ile, nitakwenda kuufuta leo hii hii."

Nikasikia redio yake nyuma ikisoma matangazo ya vifo. "Basi tu," alisema, akakata. Sikufurahi. Lakini sikujuta pia, na kama alitegemea nitajuta, pole yake.

Miezi miwili nilifanya kazi karakana bila sahihi. Nilikuwa nawashikia tochi vijana niliowafundisha mwenyewe. Wengine waliona haya, wakawa wananiita injinia kwa sauti ya chini. Mmoja alifurahia sana. "Dada, tochi huku. Dada, tochi juu kidogo." Nilimshikia tochi vizuri mpaka nikaona amefunga waya upande wa kinyume. Nikamwambia akate. Akasema wewe huna sahihi sasa hivi. Nikamwambia waya hausomi sahihi, kata. Akakata. Mara nne.

Mama hakupokea simu zangu. Nilipiga, nikatuma salamu kwa jirani yake, nikapeleka halua, ikarudi na kikapu chake. Nilianza kuamini kwamba nimempoteza kweli, na hilo liliniuma kuliko leseni. Ndege ningeacha. Yeye sikujua ningeanzaje kumwacha.

Siku tatu kabla ya mtihani, jirani akanipigia: unaitwa Mchafukoge, uje na plaizi yako.

Ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri. Alikuwa amekaa sakafuni, mkeka umetandikwa, mbele yake ubao wenye bolti sita za zamani zenye matundu, na kibunda cha waya. Sijui alivihifadhi wapi miaka yote hiyo. Nilimwamkia, akaitikia kwa ufupi.

"Sijakusamehe," alisema. "Kaa. Funga."

Nikafunga. Akavaa miwani, akapitisha ukucha juu ya msokoto, akachukua mkasi, akakata.

"Miaka unatia sahihi kazi za wenzio, mkono umelala. Tena."

Nikafunga. Akakata. Tuliendelea hivyo mpaka alasiri, akatoka kuswali, akarudi, akakata tena. Mahali fulani katikati aliniuliza, bila kuinua macho, kama ni kweli niliandika jina lake lote kwenye ile barua. Nikamwambia nililiandika lote.

"Watalifuta."

"Waache walifute. Nitaliandika tena."

Uso wake ulikuwa umelegea, na machozi yalikuwa yanamshuka, wala hakuyafuta. Aligeuza kichwa tu ili yasidondokee kwenye waya. Mimi nilijifanya sioni. Waya uliofuata hakuukata.

Mtihani ulifanyika asubuhi kwenye karakana yetu wenyewe. Walileta mtahini kutoka ofisi ya leseni, bwana wa makamo, shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni. Walifungua injini ya ndege mojawapo. Mafundi walijifanya wana kazi za karibu karibu, ili waone. Kijana wa tochi alikuwa anafuta meza ambayo ni safi.

Mtahini alikuwa na fomu ndefu. Alijaza jina langu, namba yangu, aina ya ndege. Mimi nilishika plaizi yangu, waya umeshakatwa, niko tayari.

"Jina la msimamizi aliyekufundisha kazi hii?" aliuliza, kalamu ikiwa tayari kuandika jina la mzee wa chai, kwa sababu alikuwa na kitabu changu pembeni na ndivyo kilivyosema.

Nikataja jina la mama. Majina yote matatu.

Kalamu ikasimama. "Huyu leseni yake namba ngapi?"

"Hana."

"Sasa nitaandikaje mtu asiye na leseni kwenye nafasi ya msimamizi?"

"Kwa kalamu, mzee."

Nyuma yangu mtu alicheka, akajizuia. Mtahini hakucheka. Alinitazama, akaitazama fomu, akageuza ukurasa kama mtu aliyeamua kumaliza jambo kwa amani. "Tutaiacha wazi hiyo. Tuendelee. Nionyeshe unavyofunga."

Nikaiweka plaizi juu ya meza. Nilikunja mikono.

"Sijafundishwa na nafasi iliyo wazi," nilisema.

"Injinia, unajua usipofanya mtihani leo leseni inakufa?"

"Najua. Na kilichobaki kwako ni kuandika tu."

Kijana wa tochi aliacha kufuta meza. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Mtahini alivuta pumzi. Akarudisha ukurasa nyuma. Akaniuliza jina la kwanza linaandikwaje, nikamtajia herufi kwa herufi. Akaniuliza la pili. Nilisogea karibu, nikasimama begani kwake, nikaangalia kwa macho yangu mwenyewe wino unavyokwenda, mpaka alipomaliza la tatu. Hapo ndipo nilipochukua plaizi.